UZI: Baga ambayo hujaisahau mpaka leo, uliila wapi na ilikuwaje?

Mla_Taratibu (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Naomba tuzungumze kuhusu baga, lakini si kwa kupanga kumi bora. Nataka mtu anisimulie ile moja ambayo bado anaikumbuka, pamoja na mahali alipoilia. Nimejichunguza mwenyewe: nikiulizwa baga ipi ilikuwa tamu kuliko zote, jibu langu linaanzia kwenye stuli niliyokalia, mpishi aliyenipa mgongo, harufu ya vitunguu iliyonipokea mlangoni. Nyama naikumbuka baadaye.

Naanza mimi. Yangu niliila New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani, kwenye kijumba cha matofali kinachoitwa Louis' Lunch. Nilikuwa nimesoma habari zake kabla, lakini kusoma ni kitu kimoja na kusimama mbele ya yale majiko ni kitu kingine. Ni majiko ya chuma cha kusubu, marefu na membamba, yaliyotengenezwa 1898, na bado yanafanya kazi mpaka leo. Nyama haikaangwi wala hailazwi. Inabanwa kwenye wavu wa waya, inasimamishwa wima ndani ya jiko, na moto wa gesi unaipiga pande zote mbili kwa pamoja huku mafuta yakichuruzika chini. Kwa hiyo hakuna kugeuza. Mpishi anasukuma ndani, anasubiri, anatoa.

Mkate wao si ule wa duara tuliouzoea. Ni slesi mbili za mkate mweupe zilizobanikwa. Unaweza kuwekewa jibini, nyanya na kitunguu, basi. Kechapu hakuna, haradali hakuna, mayonezi hakuna, na kuomba hakusaidii. Kabla ya kuionja nilidhani huo ni ukaidi tu. Nilipoing'ata nikaelewa. Nyama ile ina ladha ya nyama, kitunguu kinakata mafuta, mkate umekauka kiasi cha kupokea majimaji bila kulowa. Ukiongeza sosi utakuwa unaifunika.

Wenyewe husimulia kwamba Louis Lassen aliuza ya kwanza mwaka 1900, kwa mteja mwenye haraka aliyetaka kitu cha kula huku anatembea. Wapo wanaolipinga dai hilo. Mji wa Seymour, Wisconsin, unasema ni Charlie Nagreen, kijana wa miaka 15, aliyekuwa akiuza vidonge vya nyama kwenye maonyesho ya 1885 akaona wateja hawawezi kula huku wakitembea, akavibonyeza katikati ya vipande vya mkate. Mwaka huohuo wa 1885, ndugu wawili wa ukoo wa Menches wanatajwa kufanya hivyo kwenye maonyesho ya mji wa Hamburg, New York, baada ya kuishiwa soseji. Athens, Texas, nao wana Fletcher Davis wao. Na jina lenyewe linarudi Hamburg ya Ujerumani, kwa kuwa nyama ya kusaga iliitwa steki ya Hamburg kwenye hoteli za Marekani kabla mtu hajaifungia ndani ya mkate. Mimi kwenye ugomvi huo sina upande. Ninachokipenda ni kwamba karibu kila dai lina mtu aliyetaka kula bila kukaa chini.

Kilichonigusa zaidi ni hiki. Miaka ya 1970 kiwanja chao kilitakiwa kwa ujenzi mwingine. Hawakujenga mgahawa mpya na kuubandika jina la zamani. Walikihamisha kijumba chenyewe, mwaka 1975, pamoja na majiko yake, hadi mtaa wa Crown kilipo leo. Baga ile haiwezi kupikwa kwenye jiko jingine, na wao walilijua hilo.

Ndiyo hoja yangu, wakuu. Baga inayokaa kichwani imeshikamana na chombo chake na mahali pake. Karibuni, leteni zenu.

Kitunguu_Kwanza

Mkuu Mla_Taratibu, umegusa penyewe. Naunga mkono hoja, na nakupeleka El Reno, Oklahoma.

El Reno ni mji mdogo wa reli magharibi ya Oklahoma City. Miaka ya 1920, kipindi cha mgomo mkubwa wa mafundi wa reli wa 1922, watu hawakuwa na fedha na nyama ilikuwa ghali. Kitunguu kilikuwa rahisi. Wapishi wa pale wakawa wanachukua donge dogo la nyama, wanalirundikia kitunguu kilichokatwa nyembamba kama karatasi, rundo linalokaribia kuwa kubwa kuliko nyama yenyewe, kisha wanalibonyeza kwa nguvu kwenye bamba la moto mpaka viwili hivyo vishikane. Shida za uchumi za miaka ya 1930 zilipokuja, mapishi yalikuwa tayari.

Nadhani hata kama nyama ingekuwa bure watu wa El Reno wangeendelea hivyo hivyo. Kitunguu kile kinapitia hali tatu kwa wakati mmoja. Kilichogusa chuma kinaungua ukingoni na kuwa kitamu kama sukari iliyoungua. Kilichozama ndani ya nyama kinaiva kwa mvuke. Kile kilichochungulia pembeni kinabaki na ukali kidogo. Kisha mpishi anapogeuza, anaweka mkate juu ya kitunguu palepale bambani, na mkate unanyonya ule mvuke wote.

Mimi niliila Robert's Grill, mahali palipo wazi tangu 1926. Ni chumba kidogo, kaunta na stuli chache, bamba liko mbele ya macho yako. Unamwona mpishi akiminya, unasikia chuma kikikwaruza chuma. Hakuna mtu aliyezungumza kwa sauti. Mzee wa pembeni yangu alikula ya kwanza, akainua kidole kimoja, ya pili ikawekwa bambani. Nilitoka pale nguo zinanukia kitunguu, nami nikaziacha hivyo hadi kesho yake.

Sid's na Johnnie's wako mji huohuo, na wenyeji hugawanyika kama mashabiki wa mpira. Mwezi Mei kila mwaka wana siku maalumu ya baga ya kitunguu, ambapo hupikwa moja kubwa yenye uzito wa zaidi ya kilo 350 na kugawiwa watu. Sijaiona hiyo. Naomba uzima niione.

Kaunta_ya_Mwisho

Shikamooni wakubwa zangu.

Yangu haina jina wala historia. Nilikuwa na mgonjwa wangu hospitalini, ni mama yangu mzazi. Siku ya tatu usiku daktari aliniambia niende nikale, nisikae pale nikianguka mimi pia. Nikatoka nje kwenye baridi. Kulikuwa na dirisha moja tu lenye taa, kijana anapika, watu wawili wamesimama. Niliagiza bila kuangalia kilichoandikwa.

Ilikuwa baga nyembamba, jibini limeyeyuka mpaka limening'inia, matango ya siki mawili, imefungwa kwenye karatasi inayopitisha mafuta. Nilikula nimesimama, mkono mmoja umeshika simu isije ikalia nisisikie. Nakumbuka joto la ile karatasi kwenye kiganja kuliko kitu kingine. Nilikuwa sijala kitu cha moto siku mbili. Yule kijana aliniangalia, hakuuliza neno, akaniongezea chai.

Mama alipona. Nimerudi pale mchana mara moja, miaka imepita, dirisha bado lipo na mpishi ni mwingine. Baga ni nzuri. Lakini nilipoishika tu ile karatasi moyo ulinienda mbio, nikala nusu, nyingine nikampelekea mama nyumbani. Akaimaliza yote.

Mla_Taratibu

Kaunta_ya_Mwisho, nimesoma mara mbili. Msalimie mama. Ahsante kwa kuiweka hapa.

Jiko_Langu

Wakuu, mimi natofautiana kidogo na mleta uzi. Kama baga inashikamana na mahali, basi sisi tunaopika nyumbani tufanyeje? Baga ninayoipenda ni ya kwangu mwenyewe, nene, yenye majimaji, jikoni kwangu na watoto wakiwa mezani.

Ila nina tatizo la siku nyingi. Nikiikaanga inanywea pembeni na kuvimba katikati kama mpira, na ikiiva inakuwa ngumu, inarukaruka mdomoni kama soseji. Nyama nanunua nzuri, isiyo na mafuta kabisa. Nachanganya na chumvi, yai na viungo, nasonga vizuri kabisa mpaka ishikane. Nakosea wapi?

Chuma_Moto

Dada Jiko_Langu (nisamehe kama ni kaka), mimi nimesimama kwenye bamba la baga miaka kumi na moja. Makosa yako matatu yote yamo kwenye hayo uliyoandika, na yanarekebishika leo hii.

Kwanza, nyama isiyo na mafuta. Baga inataka mafuta kama asilimia 20. Mwambie muuza nyama akusagie ya bega au ya shingo, na asiyatoe mafuta. Nyama kavu ukiipika mpaka iive vizuri, ndani hakibaki kitu cha kulainisha.

Pili, chumvi. Hili ndilo kubwa. Chumvi ikichanganywa ndani ya nyama ya kusaga inayeyusha protini za nyama, na protini hizo zinakuwa kama gundi. Ndivyo soseji inavyotengenezwa makusudi. Ukiongeza kusonga, umeshatengeneza soseji yenye umbo la baga. Chumvi iwekwe juu tu, dakika ya mwisho, nyama ikiwa tayari kwenda motoni. Yai halihitajiki, halina kazi hapo. Na usisonge: kusanya nyama kwa vidole mpaka ishikane tu, basi, ibaki na nafasi ndani yake. Ukiing'ata itaachia.

Tatu, kuvimba. Pembeni hupata moto kwanza, nyuzi zinajikunyata na kuibana nyama iende katikati. Kwa baga nene, bonyeza kishimo kwa kidole gumba katikati kabla ya kukaanga. Itavimba mpaka iwe sawa.

Sasa niseme yangu. Mimi ni mtu wa baga nyembamba, na sababu yake ni ukoko. Ule ukoko wa kahawia chini ya nyama ndio ladha yote. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliueleza mwaka 1912: protini na sukari zikikutana kwenye joto kali zinazaa mamia ya harufu mpya. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo mahali penye unyevu hapapandi zaidi ya hapo, na ukoko unataka kama nyuzi 140 na kuendelea. Ndiyo maana nyama iliyojaa maji, au kikaango kisichopata moto, hukupa kitu cha kijivu.

Fanya hivi. Donge la gramu 60 au 70, baridi kutoka kwenye friji. Kikaango cha chuma kizito, kikavu, mpaka kianze kutoa moshi. Weka donge, libonyeze kwa nguvu zako zote kwa mwiko bapa wa chuma, ndani ya sekunde 30 za mwanzo, mafuta yakiwa bado hayajayeyuka. Baada ya hapo USILIGUSE. Wengi huharibu hapa. Ukibonyeza mwanzoni unapata ukoko, ukibonyeza baadaye unakamua mafuta yakaishie kikaangoni. Nyunyiza chumvi. Kingo zikiwa kahawia na zimekakamaa kama lesi, kwaruza kwa nguvu uuchukue ukoko wote, geuza, weka jibini, hesabu nusu dakika, toa.

Mkate ubanike kwenye mafuta hayohayo.

Jiko_Langu

Ni dada. Ahsante sana mkuu, naandika yote haya. Jumamosi nitajaribu nilete mrejesho.

Nyota_ya_Usiku

Uzi mzuri, lakini tusibaki Marekani tu. Baga mbili nilizozihifadhi moyoni nilizila mbali na huko, zote mbili usiku, zote mbili halali, na kwa sisi wengine hilo linahesabika.

Ya kwanza ni Istanbul, uwanja wa Taksim. Wanaiita islak, maana yake iliyolowa. Utaziona zimepangwa kwenye sanduku la kioo lenye mvuke, mkate mzima umechovywa kwenye sosi ya nyanya na kitunguu saumu, umekuwa mwekundu na laini kama kitambaa cha maji. Ukiitazama huwezi kuitamani. Mwenzangu alisisitiza nijaribu, tulikuwa tumetembea tangu asubuhi. Ni ndogo, ya moto sana, kitunguu saumu kinakupanda mpaka puani, na mkate haubaki mkate tena, unayeyuka pamoja na nyama. Nilikula ya pili kabla ya kumaliza kuishukuru ya kwanza. Kila kitu anachokifundisha Chuma_Moto kuhusu ukoko, pale hakipo, na bado ni tamu. Nadhani ni kwa sababu imekaa kwenye mvuke muda wa kutosha vitu vyote viwe kitu kimoja.

Ya pili ni Malaysia, Ramly. Hii huuzwa kwenye vibanda vya barabarani jioni inapoingia. Mpishi ana bamba dogo tu. Anakaanga bapa la nyama, anamimina yai bambani analitandaza kama karatasi, anaweka nyama katikati, kisha anaikunja kwa yai pande nne kama anafunga bahasha. Inaingia kwenye mkate na sosi ya pilipili manga, mayonezi, kabichi. Ni kazi ya mikono inayotaka kutazamwa. Mvua ilikuwa inanyesha, tumejibanza watu sita chini ya mwavuli wa kibanda, hakuna aliyemjua mwenzake, wote tunaangalia mikono ya yule kaka. Alipoikunja ya kwangu mama mmoja pembeni akatikisa kichwa kama anasema, hiyo imetoka vizuri.

Nikila baga yenye yai mahali pengine siku hizi, naikumbuka ile mvua.

Dada_Jibini

Mimi niko upande wa jibini, kama jina langu. Kuna mtu ameshakwenda Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani?

Kwenye barabara moja, Cedar Avenue, kuna sehemu mbili zinazogombea baga moja: Matt's Bar na 5-8 Club. Jibini halikai juu ya nyama. Linafungiwa ndani, katikati ya mabapa mawili yaliyobanwa kingo, na linayeyuka humohumo. Matt's wanaiandika Jucy Lucy, bila herufi i, na wanasema ni yao tangu 1954. Wale wengine wanaiandika Juicy Lucy na hawakubali. Rais Obama alikula Matt's mwezi Juni 2014.

Ushauri wangu ni mmoja na ni wa dhati: subirini. Jibini la ndani linatoka likiwa moto kuliko unavyodhani. Mimi nilikula kwa njaa na nikaunguza kaakaa la mdomo, siku tatu sikuhisi ladha ya chochote. Wahudumu hukuonya, msikilizeni. Ukingoja dakika chache, ukaanza kwa kung'ata pembeni kidogo ili mvuke utoke, jibini linakuja taratibu kama mchuzi, na kila tonge linakuwa na nyama na mchuzi wake.

Na naomba niwatetee wale wanaotumia jibini la slesi la kiwandani, maana nasoma sana watu wakilidharau. Jibini la kawaida likipata moto mkali, mafuta hukimbia upande mmoja na protini upande mwingine, unabaki na dimbwi la mafuta na kitu kama mpira. La kiwandani lina chumvi maalumu, kama sodiamu sitreti, zinazoshikilia mafuta na maji pamoja, ndiyo maana linayeyuka likalala juu ya nyama kama shuka. Waswisi walianza kulitengeneza mwaka 1911, na James L. Kraft akapata hataza yake Marekani 1916. Kwa kula na mkate mkavu na zabibu, nipe jibini lililokomaa. Kwa baga, nipe slesi.

Chuma_Moto

Dada_Jibini umesema kweli tupu, ahsante.

Niongeze jambo moja kabla uzi haujaenda mbali, kwa sababu nimeona watu huko kwingine wakisifia baga yenye damu katikati. Steki nzima na nyama ya kusaga si kitu kimoja. Kwenye steki vijidudu vinakaa juu, moto unaviua. Ukisaga, kile kilichokuwa juu kinaingia ndani kote. Idara ya kilimo ya Marekani inasema nyama ya kusaga ifike nyuzi 71 katikati. Mwaka 1993 huko huko Marekani baga zisizoiva zenye bakteria wa E. coli ziliua watoto wanne na kuwafanya mamia waugue. Nilijifunza habari hiyo siku yangu ya kwanza kazini na sijawahi kumpa mtoto baga yenye wekundu. Nunueni kipimajoto kidogo. Ile nyembamba haina tatizo hili, kufikia ukoko ukaiva imeshaiva yote, ila nene ipimeni.

Mafuta_ya_Kale

Nimesubiri mtu ataje Memphis, jimbo la Tennessee, nimechoka, naitaja mimi.

Dyer's, mtaa wa Beale. Walianza 1912. Nyama inapigwa mpaka inakuwa nyembamba kama kiganja, kisha inazamishwa yote kwenye kikaango kirefu cha mafuta yanayochemka. Sasa sikilizeni: mafuta hayo huchujwa kila siku na kuendelezwa, hayamwagwi, na wenyewe wanasema yanatokana na yale ya mwanzo. Walipohama, yalisafirishwa kwa kusindikizwa na polisi. Nilikwenda nikiwa na shaka kubwa. Niliogopa kichefuchefu. Nyama ikatoka imekakamaa kingo, ndani laini, na ina ladha ya ndani sana ambayo sijaipata kwingine, kama nyama iliyokaa karibu na nyama nyingine miaka mingi. Hapo hoja ya mleta uzi haina mjadala: utayapata wapi mafuta yale?

Na kinyume chake kabisa ni Ted's, mji wa Meriden, Connecticut, si mbali na New Haven kwa mleta uzi. Tangu 1959 wanapika baga kwa mvuke, ndani ya kabati dogo la chuma lenye vijisinia. Nyama haigusi moto. Jibini nalo linachemshwa kwa mvuke peke yake mpaka linamiminika, wanalimwaga juu. Haina ukoko hata chembe, inapendeza kwa wepesi wake. Niliila siku moja na ya Louis' Lunch, ya mvuke mchana, ya majiko ya 1898 jioni. Kilomita kama thelathini tu kati yao na ni kama nchi mbili. Mimi nilipenda ya Louis zaidi, sitaficha, lakini ya Ted's ndiyo ninayoiota nikiwa mgonjwa.

Mla_Taratibu

Mafuta_ya_Kale, kumbe nilipita karibu na Meriden na sikusimama. Nitarudi.

Nimefikiri swali la dada Jiko_Langu, kwamba aliye nyumbani afanyeje. Nadhani nilikosea kusema mahali kana kwamba lazima pawe na kibao nje. Wale wa El Reno walikuwa na kitunguu kingi na nyama kidogo. Lassen alikuwa na majiko yale. Yule kaka wa Malaysia ana bamba dogo na yai. Kila mmoja alipika kwa alichonacho mpaka kikawa chake. Kikaango chako na meza yako ni mahali, dada.

Jiko_Langu

Wakuu, mrejesho wa Jumamosi kama nilivyoahidi.

Muuza nyama alinisagia bega na mafuta yake. Nilipima madonge gramu 65. La kwanza nililibonyeza kwa woga, likatoka nene, la kijivu. La pili kikaango hakikuwa cha moto vya kutosha, likanata, nusu ya ukoko ikabaki chini. La tatu nilifungua madirisha yote, nikasubiri moshi, nikabonyeza kwa mikono miwili mpaka kiwiko kikauma. Nikahesabu, sikugusa. Nilipokwaruza likatoka zima, kahawia iliyokolea, kingo kama lesi kweli kama alivyosema Chuma_Moto.

La nne na la tano nikaweka vitunguu vya Kitunguu_Kwanza, nimevikata nyembamba mpaka kisu kinaonekana upande wa pili. Nyumba nzima ikanukia. Mwanangu mdogo, ambaye vitunguu huvitoa kimoja kimoja na kuvipanga pembeni ya sahani, alikula chote. Kisha akaja jikoni akasimama kando yangu na sahani tupu, akauliza kama anaweza kulibonyeza lile linalofuata yeye mwenyewe. Nilimwekea kigoda, nikashika mkono wake juu ya mwiko, tukabonyeza pamoja.